Zamu ya Maua

Ingieni, wanangu, na aliye nyuma aufunge mlango taratibu, maana bawaba ya juu imelegea tangu mvua zilizopita na fundi ameniahidi kuitengeneza mpaka nimeona haya kumkumbusha. Wewe, dada mtu, kaa kwenye kiti hapa dirishani. Mdogo wako akae pale kwenye kreti, tena akae kweli, asiegemee ukuta kama mtu anayesubiri kuitwa; nakujua, ukisimama wewe ujue moyoni umeshaondoka. Sikuwaambia mshikane mikono. Nimewaambia mkae. Na wewe fundi seremala, jirani yangu wa siku zote, asante kwa kuacha randa yako ukaja, ingawa tangu umeingia naona macho yako yananipima kutoka utosini hadi kwenye nyayo. Usijisumbue. Mimi ni mfupi, mbao ulizobakiza ulipotengeneza kabati la jikoni zitanitosha. Nimekuita uwe shahidi, ili hawa wawili wasije wakabishana kwamba mama alisema hivi na mama hakusema vile, ingawa siku hizi hata kubishana hawabishani, wanapitana uani kama wapangaji.

Nisikilizeni bila kunikatiza. Pumzi yangu sasa hivi ni ya kubana matumizi, na nikianza kukohoa mtaanza kukimbilia maji na kupigana vikumbo hapa, nami nitasahau nilipofika.

Nianze na mambo mepesi. Nyumba hii ni yenu wote wawili. Anayetaka kulala alale, anayetaka kupika apike, na paa likivuja mtapanda wote. Meza ya sokoni na mizani yake ni vya dada mtu, maana hata nikimpa mtu mwingine najua yeye hataviachia. Toroli na kreti zote, pamoja na hiyo uliyoikalia, ni zako wewe, uendelee kupelekea mzigo wako hotelini. Nguo zangu binti yangu na mkwe wangu, mke wa mdogo wake, wagawane kwa amani, ila ile sweta ya kijivu iliyotoboka kiwiko msimpe mtu, nizikeni nayo, mnajua ninavyoogopa baridi. Na bakuli la bluu lililo juu ya kabati si langu, ni la mke wa fundi, limekuwa likija huku na kurudi huko miaka yote, safari hii likalala huku. Lirudishwe leo leo, tena lisirudi tupu.

Sasa shamba. Shamba siligawi.

Naona mmetazamana, na sasa kila mmoja anajifanya alikuwa anaangalia dirisha. Siligawi, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niwaite, kwa hiyo tulieni.

Mtu akifika sokoni anaona kabichi ya kijani, kabichi ya zambarau, sukuma wiki, brokoli, koliflawa, na ile nyingine inayovimba shina juu ya udongo mpaka watoto wanaiita mpira, na anadhani kila moja ina kwao. Nyinyi mmekulia hapa, mnajua kwamba wote hao ni watoto wa tumbo moja. Mmoja amejikunja majani akawa kichwa, mwingine ameyaacha majani wazi, mwingine amenenepesha maua yake kabla hayajachanua. Figili, haradali na chainizi ni binamu tu, hao wanakuja kwenye sherehe wanakula wanaaga, damu hawachanganyi na hawa. Lakini hawa wa tumbo moja, ukiwaacha wachanue kwa wakati mmoja, nyuki hawaulizi huyu ni nani na yule ni nani; wanatoka ua hili wanaingia lile, na mbegu utakayovuna utaitazama uione ni ileile, nyeusi, mviringo, nzuri kabisa, na hutajua ulichokifanya mpaka uipande. Haya yote mnayajua. Nayarudia kwa sababu mliyajua hata siku mlipoharibu.

Baba yenu alipoanza hapa alikuwa anapanda mbegu za dukani kama kila mtu. Ukaja msimu mvua ikanyesha bila kupumzika, kabichi zikanywa maji mpaka zikaanza kupasuka, ukipita kwenye matuta asubuhi unazisikia ta, ta, kila mahali. Zikabaki chache kule pembeni, ndogo, ngumu kama ngumi, hazikupasuka. Mchuuzi akaja akazitaka hizohizo, baba yenu akakataa. Nilimnunia, nisiseme uongo, maana hatukuwa na kingine cha kuuza. Akachukua kisu akazichanja msalaba utosini ili shina lipate pa kutokea, na watu wakawa wanasimama barabarani kumcheka, mwanamume mzima anaharibu chakula. Shina likatoka, likarefuka, likafunga maua ya njano, kisha maganda membamba, tukayavuna asubuhi na umande wake kabla jua halijayapasua. Msimu uliofuata akazipanda, akachagua zilizo ngumu kuliko zote, akachanja tena. Akaendelea hivyo mpaka ikawa kabichi inayojulikana soko zima, ile ambayo ukiikata kisu kinalia, na wateja wako, binti yangu, mpaka leo wanaiulizia.

Koliflawa ilikuwa yangu. Koliflawa ya kawaida jua likiipiga kichwa kinageuka manjano, kwa hiyo lazima uyakusanye majani yake uyafunge juu kwa kamba, mmea mmoja mmoja, kazi ya kuvunja mgongo. Mwaka ule nilikuwa na mimba ya huyu aliyekalia kreti, na alikuwa ananipiga mateke hata nisiweze kuinama. Nikaziacha. Zikageuka manjano karibu zote, ila moja hapa na moja pale zilikuwa zimejifunika zenyewe kwa majani ya ndani, nyeupe pe. Nikasema hizi zina akili kunishinda. Nikazichomekea vijiti, nikamwambia baba yenu hizi hazing'olewi, zinakaa mpaka zitoe mbegu.

Hapo ndipo tulipogombana kweli, maana na yeye kabichi zake zilikuwa tayari kuchanua. Aliniambia niangalie mimba yangu, nikamwambia aangalie mdomo wake. Tulilala tumepeana migongo, na asubuhi, uji ukiwa mezani, yeye ndiye aliyesema: tufanye zamu. Msimu huu achanue wako, msimu ujao achanue wangu. Na ambaye si zamu yake ndiye anayeshika kisu, kila asubuhi anazunguka shamba zima, anakata kila kichipukizi kinachotaka kutoa ua, cha kwake kwanza, kisha vya brokoli, vya sukuma wiki, mpaka vya sukuma wiki ya mke wa fundi iliyokuwa ikichungulia upande wetu, ambayo baba yenu alikuwa anaenda kuiombea ruhusa na chainizi kwenye bakuli mkononi. Ndiyo mwanzo wa safari za lile bakuli. Fundi, usicheke, mkeo alikuwa anaacha sukuma wiki ichanue makusudi ili aletewe.

Kisu chenyewe ni hiki hapa juu ya blanketi. Msikiguse kwanza.

Kukata maua ya mwenzako ni kazi nyepesi. Kukata ya kwako mwenyewe, umeyachagua, umeyalea, nayo yamekufungukia asubuhi kwa rangi ile, hiyo kazi inauma, na baba yenu alikuwa akirudi ndani msimu wa zamu yangu hanisemeshi mpaka anywe chai. Lakini alikata. Na mimi zamu yake nilikata. Hatukuhesabiana. Kuna mwaka mvua ya mawe iliyapiga maua yangu yote yakalala chini, nililia hapa jikoni, na msimu uliofuata sikuidai zamu. Nilichukua kisu nikatoka.

Sasa ndiyo mwaka alioondoka. Ilikuwa zamu ya kabichi, maua yalikuwa yamesimama vizuri sana, yeye amelala humu kwenye kitanda hiki anayatazama kwa dirisha hilo. Akafa. Watu wakaja, turubai likafungwa pale palipokuwa wazi, viti vikapangwa, na watu wakikosa pa kupita wanapita popote, kabichi zikakanyagwa zote. Hakuna aliyekosa. Tulikuwa tumefiwa.

Msimu ulipogeuka, dada mtu ukasema zamu ya kabichi haijatumika, kwa hiyo bado ni ya kabichi, na ni kabichi ya baba. Mdogo mtu ukasema zamu ikipita imepita, kama mvua ya mawe ilivyopitisha ya mama, na sasa ni ya koliflawa. Mkaja mlangoni hapo mkanitaka niamue. Mimi nilikuwa nimelala na uso ukutani, sikuwa na habari ya maua ya mtu, niliwaambia mniache. Na nyinyi, badala ya kukaa mkanywa uji mkaongea, kila mmoja akaacha ya kwake ichanue. Shamba likawa la njano kutoka juu hadi chini, na wapita njia wakasifu. Nyuki nao wakafanya kazi yao.

Mnakumbuka kilichoota. Majani yamelegea kama mtu aliyeamshwa, katikati hakuna kichwa, hakuna ua, shina limevimba halafu likaghairi. Kule hotelini, mdogo mtu, mpishi alikuuliza hii ni mboga au ni kuni. Sokoni wakakuambia, binti yangu, kabichi yako leo imekuja na shuka. Hata mimi, pamoja na uchungu wote, hiyo ya shuka nilicheka. Ila nyinyi hamkucheka. Mlisimama pale kwenye matuta mkatupiana maneno ambayo si ya mboga tena, na binti yangu ukamwambia mdogo wako kwamba anajua nini yeye juu ya baba, yeye ambaye siku baba anakata roho alikuwa hotelini anauza koliflawa.  Huyu alikwenda akarudi na mabati, akasimamisha uzio katikati ya shamba, siku ile ile. Tangu hapo mnanunua mbegu dukani, kila mmoja upande wake. Sizitukani mbegu za dukani, zinaota vizuri. Lakini si za baba yenu na si zangu.

Nipe maji kidogo. Hapana, wewe fundi. Hawa wakae.

Binti yangu, sogea. Hili nilikatazwa kulisema, na aliyenikataza ndiye huyo anayeinua kichwa sasa hivi. Aliniambia, mama, kama dada haniamini bila kuelezwa basi asielezwe. Nikamwahidi. Leo navunja ahadi hiyo, na anayekufa haitwi mmbea. Asubuhi ile wewe ulikuwa jikoni unachemsha maji. Kreti zilikuwa zimeshapangwa kwenye toroli, na mdogo wako alikuwa amepiga magoti hapo ulipoweka miguu yako, amekataa kuondoka. Baba yenu ndiye aliyemtuma. Nilimsikia kwa masikio haya, nimemshika kichwa. Alimwambia, peleka mzigo mwanangu, koliflawa haingoji mtu, mimi nitakungoja. Mtoto akaenda kwa sababu baba yake alimwambia aende. Na baba yenu alijaribu kumngoja, alikuwa anauliza, toroli limerudi? Toroli limerudi? Hakuweza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na umeishi muda wote huu ukidhani mdogo wako alichagua biashara. Lia tu. Hata mimi ningekuwa na machozi ningelia.

Na wewe wa kwenye kreti, usijione mshindi. Ulikuwa na neno moja la kumponya dada yako ukalificha nyuma ya mabati kwa kiburi. Mabati hayo basi nayatoa leo. Yamesimama kwenye ardhi yangu, ni yangu. Fundi, uzio ule wote ni wako, pamoja na misumari, kaezekee karakana yako inayovuja. Ung'oe kesho. Ukiona mtu anakuzuia mwambie ni wosia.

Sasa nimefika kwenyewe, na sauti inaanza kunikimbia, kwa hiyo sogezeni masikio. Juu ya rafu, nyuma ya taa, kuna chupa mbili za kahawa. Yenye kifuniko chekundu ni kabichi ya baba yenu, yenye cheusi ni koliflawa yangu, mbegu tulizovuna kabla ya mambo hayo yote, safi. Niliziweka. Juzi nilimwomba mkwe wangu aniletee sahani na kitambaa kibichi nikazijaribu, sahani ndiyo ile chini ya kiti. Zilizochipua ni chache, nyingi zimelala na haziamki tena. Mbegu inazeeka kama mimi. Msimu huu zisipopandwa, msimu mwingine hakutakuwa na cha kupanda. Lazima zipandwe zote mbili, sasa. Na zikipandwa zote mbili zitafika kwenye maua pamoja, na mnajua maana yake.

Ila kuna njia, na baba yenu aliijua. Kabichi ukikata kichwa chake ukaacha kisiki na mizizi, ukawa unakata maua yake yakijaribu kutoka, kisiki kinachipua tena, kinavumilia, msimu unaofuata ukikiachia kinachanua. Koliflawa haina uvumilivu huo. Ukiikata imekwisha. Kwa hiyo... ngojeni nipumue.

Kwa hiyo mmoja wenu atakata maua ya kwake msimu mzima, kila asubuhi, akiwa na imani tu kwamba mwakani mwenzake atakata ya kwake. Hakuna atakayemlazimisha. Sitakuwepo. Fundi hatakuwa anachungulia, ana kazi zake. Na asipofanya, hamtagundua mpaka msimu upite, na hapo zote mbili zitakuwa zimepotea, jasho la baba yenu na langu. Siwezi kuwaandikia hilo wala kuwaapisha. Ndiyo maana shamba siligawi. Hata nikiligawa, nyuki hawatajua.

Kisu kiko hapa. Simkabidhi mtu. Mimi nafumba macho, na nikifumba macho sijafa, fundi, kaa chini. Nafumba ili atakayekichukua asiseme mama alikuwa ananitazama.

...

Nimesikia kiti, si kreti.

Blanketi limekuwa jepesi. Ni wewe, binti yangu? Mkono wako nautambua, una harufu ya kabichi hata ukioga. Sema basi. Si kwangu, kwake. Nataka nisikie.

Rudia. Sikio hili limeziba.

"Anza wewe, mdogo wangu." Ndivyo alivyosema? Fundi, umesikia? Wewe ni shahidi.

Na wewe wa kwenye kreti unalia nini, mjibu dada yako, amekusemesha.

"Mwakani nitakata za kwangu, dada. Zote." Haya. Haya, wanangu. Inatosha. Kaeni hivyohivyo, msiachiane.

Maagizo ni machache tu. Pandeni kitalu kabla hamjanizika, mbegu ilowe kwanza usiku mmoja. Mimi ninaweza kukaa, zenyewe haziwezi. Turubai mlifunge barabarani, si kwenye matuta. Miche ikizidi mpeni mke wa fundi, kwenye bakuli lake. Wajukuu wafundisheni kukata maua ya kwao kabla ya ya mwenzao... waanze wakiwa wadogo, ndiyo... ndiyo inakuwa tabia.

Nawabariki. Mungu awape udongo unaoshika maji, na midomo... midomo inayofunguka mapema. Mkigombana, mgombane mezani. Uji ukiwa mbele yenu.

Fungueni dirisha kidogo. Hapo. Naona kule shambani bado pana mabati, lakini yanashuka kesho.

Baba yenu alijaribu kungoja, hakuweza.

Mimi nimeweza.